Baiskeli ghali ya mtoto: Je, bima ya nyumba itailipa ikiibwa?

CHUKUA mfano wa familia moja inayoishi kwenye ghorofa la kupanga jijini Nairobi. Jumamosi alfajiri, kijana wao wa miaka 14 anashuka ngazi, kofia ya kuendeshea baiskeli kichwani, chupa ya maji mkononi. Dakika mbili baadaye amerudi, uso umemsawijika.

"Mama, mnyororo umekatwa. Baiskeli haipo."

Baiskeli hiyo ilinunuliwa kwa Sh150,000 miezi minane iliyopita. Baba alichukua mkopo wa sacco ili kuipata, na bado anaulipa. Usiku ilikuwa ikifungwa kwenye bomba katika maegesho ya magari, chini ya jengo.

Kabla ya saa mbili, nyumba imegeuka mahakama. Baba anamshuku bawabu wa zamu ya usiku. Mama anakumbuka kwamba yaya alitembelewa na mgeni Alhamisi. Yaya huyo, aliyewalea watoto tangu kitinda mimba akiwa hajajua kutambaa, anaambiwa afungue mkoba wake, kana kwamba baiskeli yaweza kuenea humo. Kijana naye analaumiwa kwa kutoipandisha juu, ilhali ni baba mwenyewe aliyesema magurudumu yanachafua sebule.

Mwishowe mama anakumbuka jambo.

"Baba watoto, si sisi hulipia bima ya nyumba?"

Bahasha inatolewa kabatini. Moyo unatulia kidogo. Lakini Jumatatu kampuni inawajibu kwa upole kwamba bima yao inalinda vyombo vilivyo ndani ya nyumba, na maegesho si ndani ya nyumba. Isitoshe, baiskeli haikutajwa popote katika hati.

Hakuna aliyewadanganya. Walikatia bima vitu vinavyokaa nyumbani, kisha wakatarajia ilinde kitu ambacho kazi yake ni kutoka nyumbani. Mzazi anayetaka kuchagua bima ya nyumba itakayolinda baiskeli ya bei ghali, aanze na swali moja kabla hata ya kuuliza bei: baiskeli hii ikiibwa, itaibiwa wapi?

Si Black Mamba tena

Kwa miaka mingi, baiskeli nyingi nchini zilikuwa zile nyeusi, nzito, ambazo watu waliziita Black Mamba. Zilibeba maziwa, makaa, mboga na abiria. Huko Busia ndizo zilizoanzisha biashara ya kuvusha watu mpakani iliyozaa jina la boda boda. Ikiibwa moja, mwenyewe aliumia, lakini aliweza kutafuta nyingine.

Siku hizi mambo ni tofauti katika familia nyingi za mijini. Watoto wanajua kwamba Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na akafunzwa baiskeli na Mkenya David Kinjah. Wikendi wanataka kwenda msitu wa Karura. Wengine wanaota mashindano. Baiskeli za aina hiyo, hasa zenye fremu ya kaboni, huuzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Kuna nyumba ambamo kitu cha bei ya juu kuliko vyote, gari likiwekwa kando, ni baiskeli iliyoegemezwa ukutani kwenye roshani.

Ila bima za nyumba ziliandikwa zikiwafikiria wenye makochi, majokofu na televisheni. Ndiyo maana baiskeli hupotelea kati ya vifungu.

Herufi zilizo kwenye hati

Bima ya nyumba inayouzwa na kampuni nyingi nchini Kenya huwa na sehemu kadhaa zilizopangwa kwa herufi. Sehemu A ni jengo lenyewe: kuta, paa, milango. Sehemu B ni vyombo vya ndani. Sehemu C hulinda vitu vya kubebeka dhidi ya hatari zote, hata vikiwa nje ya nyumba. Sehemu D humfidia mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini. Sehemu mbili za mwisho, E na F, hushughulikia madhara ambayo mwenye nyumba au mkazi atawasababishia watu wengine.

Mzazi anayeishi kwenye nyumba ya kupanga hahitaji sehemu A. Hiyo ni ya mwenye jengo. Wapangaji wengi hudhani bima ya nyumba haiwahusu kwa sababu nyumba si yao, kumbe wanaweza kukata sehemu B na kuongeza C.

Kwa baiskeli, mzozo wote uko kati ya B na C.

Sehemu B hulipa wezi wakivunja mlango na kubeba vitu, au nyumba ikiungua moto. Baiskeli iliyolala ndani ya nyumba yaweza kulipwa hapo, mradi hati haisemi kwamba baiskeli haziingii. Kuna hati zinazoziondoa kabisa, na nyingine huzikubali zikiwa ndani ya kuta tu. Maegesho, ngazi, ukumbi wa pamoja na paa la jengo kwa kawaida si "ndani". Hata roshani ya ghorofa ya kwanza yaweza kuleta ubishi.

Sehemu C ndiyo hufuata kitu kinakokwenda: dukani, shuleni, Karura, Naivasha. Lakini hailindi kitu ambacho hakikuorodheshwa. Kila kifaa huandikwa kwa jina, aina, nambari na thamani. Baiskeli isiyo kwenye orodha, kwa sehemu C, ni kana kwamba haipo duniani.

Hesabu mbili zinazowaumiza wengi

Wakala akiulizwa kama baiskeli imo, anaweza kujibu kwa wepesi: "Mama, usijali, kila kitu kimo." Huenda hata hasemi uongo. Baiskeli imo. Swali ni imo kwa shilingi ngapi.

Hesabu ya kwanza ni ya kitu kimoja. Hati nyingi za bima ya nyumba zina kifungu kisemacho kwamba kitu kimoja, kisipotajwa peke yake, hakitahesabiwa kuwa na thamani inayozidi sehemu fulani ya vyombo vyote. Kiwango cha kawaida ni asilimia 5. Makochi, televisheni na vyombo vya umeme aghalabu huachiliwa na kifungu hiki, baiskeli haiachiliwi.

Ikiwa vyombo vyote vimekatiwa bima ya Sh600,000, asilimia 5 ni Sh30,000. Baiskeli ya Sh150,000 iliyoibiwa sebuleni, mlango umevunjwa na ushahidi wote upo, itahesabiwa kuwa ya Sh30,000. Dawa yake ni rahisi: itajwe kwa jina na bei yake kwenye hati.

Hesabu ya pili ni ya kupunguza thamani ya mali ili kulipa ada ndogo. Tuseme vyombo vya familia vina thamani ya Sh1,200,000, lakini mzazi anaandika Sh600,000. Wezi wanabeba televisheni, kompyuta na baiskeli, jumla Sh300,000. Mzazi anajiambia, "Hata hivyo haijazidi ile laki sita." Kampuni haihesabu hivyo. Kwa kuwa alikatia bima nusu ya mali yake, italipa nusu ya hasara, yaani Sh150,000. Kisha itaondoa kiasi ambacho mteja hujibebea mwenyewe katika kila dai. Kikiwa asilimia 10, atabakiwa na Sh135,000.

Baiskeli ndiyo huvuruga hesabu hii bila watu kugundua. Bima ilikatwa mwaka juzi, baiskeli mbili zikanunuliwa mwaka jana, na thamani kwenye hati haikuguswa. Mali imeongezeka, bima imebaki palepale.

Kwa nini sehemu C ni ghali

Mzazi akiuliza bei, atashtuka. Ada ya sehemu B huwa ndogo ikilinganishwa na ya C. Kwa kufanyia hesabu tu, tuseme kampuni inatoza asilimia 1 ya thamani kwa vyombo vya ndani na asilimia 6 kwa vitu vya kubebeka. Baiskeli ya Sh150,000 itagharimu Sh1,500 kwa mwaka ikiwa sehemu B, na Sh9,000 ikiwa sehemu C. Kila kampuni ina viwango vyake, na ndiyo sababu ni vyema kuuliza zaidi ya moja.

Pengo hilo lina maana yake. Kampuni inajua kwamba kitu kinachotoka nje kina hatari nyingi kuliko kinacholala ndani. Na ndilo pengo linalowafanya baadhi ya wazazi waitupie baiskeli kwenye sehemu B na kutumaini mema.

Uamuzi wa busara hutegemea maisha ya baiskeli yenyewe. Ikiwa hulala ndani ya nyumba na mtoto huizungusha uani tu huku akionekana, sehemu B yaweza kutosha, mradi itajwe kwa jina. Ikiwa hulala kwenye maegesho, au mtoto huenda nayo shuleni, dukani na msituni, sehemu B ni faraja ya karatasi tu. Hapo ama mzazi alipe ada ya C, au aikubali hatari mwenyewe akijua anachokifanya.

Na si kila baiskeli inastahili bima. Baiskeli ya mtumba ya Sh12,000 ya mtoto anayekua haraka haina haja ya kuorodheshwa. Kiasi ambacho mteja hujibebea katika dai chaweza kumeza fidia karibu yote. Kwa hiyo, kufuli imara ndiyo bima yake. Mzazi ajiulize: ikiibwa leo, je, nitaweza kununua nyingine bila kugusa karo wala kodi ya nyumba? Akiweza, ahifadhi ada hiyo. Asipoweza, na hasa ikiwa ilinunuliwa kwa mkopo, bima ina maana.

Masharti yaliyojificha

Akishachagua sehemu, kazi haijaisha. Kuna masharti manne ambayo mzazi anapaswa kuyasoma kabla ya kutia sahihi.

La kwanza ni alama za kuvunja. Hati nyingi hulipia wizi ikiwa tu mwizi ameingia au kutoka kwa nguvu. Mlango ulioachwa wazi mtoto akikimbilia maji haulipiwi. Nje ya nyumba, sharti hilo hugeuka kuwa kufuli: baiskeli iwe imefungwa kwenye kitu kisichong'oleka, na mabaki ya kufuli iliyokatwa yaonyeshwe. Mtoto aelezwe hili kwa lugha yake: ukiilaza nje ya kioski bila kuifunga, hata kwa dakika tatu, hakuna wa kutulipa.

La pili ni watu wa nyumbani. Wizi uliofanywa na mwanafamilia, mfanyakazi wa nyumbani au mtu aliyekaribishwa ndani kwa kawaida hauingii kwenye bima ya vyombo. Mzazi anayekimbilia kuandikisha polisi kwamba "ni yaya" bila ushahidi anamharibia binti wa watu jina, na papo hapo huenda ameipa kampuni sababu ya kukataa dai lake. Polisi waelezwe kilichoonekana: saa ngapi ilionekana mara ya mwisho, ilifungwa wapi, kilichokatwa ni nini. Uchunguzi ni kazi yao.

La tatu ni nyumba tupu. Hati nyingi husimamisha ulinzi wa wizi nyumba ikikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30 mfululizo, na nyingine hutaja siku chache kuliko hizo. Familia inayofunga nyumba mwanzoni mwa Desemba na kwenda mashambani hadi shule zifunguliwe Januari inapaswa kuihesabu likizo yake. Kuna kampuni zitakazoongeza muda zikiarifiwa mapema. Zikiarifiwa baada ya wizi, zimechelewa kusikia.

La nne ni mashindano. Sehemu C yaweza kuilinda baiskeli siku zote za mwaka na kuiacha siku ile moja ambapo mtoto amefungwa nambari mgongoni. Familia yenye mtoto anayeshindana iulize waziwazi, na jibu liwe kwa maandishi. Vivyo hivyo kwa baiskeli yenye mota ya umeme: kampuni yaweza kuihesabu kama chombo cha moto na kuitoa kabisa kwenye bima ya nyumba.

Zaidi ya hayo, bima hailipi uchakavu. Mnyororo uliolika, matairi yaliyoisha na breki zilizolegea ni gharama za mwenyewe.

Bila risiti, mambo yatakuwaje?

Baiskeli nyingi nzuri nchini ni za mtumba, zilizotoka ng'ambo kwenye makontena. Muuzaji hana risiti, na bei ni ya maelewano. Wazazi wengine huona kwamba basi haziwezi kukatiwa bima.

Zinaweza, ila thamani ithibitishwe mapema. Ujumbe wa M-Pesa wa siku ya ununuzi huonyesha kiasi, tarehe na aliyelipwa, usifutwe. Duka la baiskeli linaweza kuandika barua ya makadirio inayotaja aina, ukubwa, hali na bei. Kisha kuna nambari ya fremu. Baiskeli nyingi huwa nayo imechongwa chini, pale mikono ya pedali inapokutana na fremu. Ipinduliwe baiskeli, uchafu ufutwe, nambari ipigwe picha. Picha nyingine imwonyeshe mtoto akiwa nayo. Zote zitumwe kwa barua pepe ya mzazi, kwa sababu simu nayo huibwa.

Nambari hiyo ina faida nyingine. Polisi wakiikamata baiskeli, ndiyo itakayothibitisha ni ya nani. Rangi hupakwa upya kwa jioni moja.

Halafu kuna suala la bei ipi italipwa. Bima ya aina moja hulipa thamani ya sasa, yaani bei ya baiskeli ikiwa imeshatumika. Nyingine hulipa bei ya kununua mpya ya aina hiyohiyo. Tuseme baiskeli ilinunuliwa Sh150,000, leo mpya kama hiyo ni Sh180,000, na iliyotumika inauzwa Sh90,000. Mzazi mwenye bima ya thamani ya sasa anayeandika Sh180,000 analipa ada ya Sh180,000 ili apewe Sh90,000. Mwenye bima ya kununua mpya anayeandika Sh150,000 amejipunja kwa Sh30,000. Ajue kwanza anakata ipi, ndipo aandike thamani.

Mtoto akimgonga mtu

Wazazi huwaza wizi na kusahau upande wa pili. Kijana kwenye baiskeli ya mbio anaweza kukwaruza gari lililoegeshwa, au kumwangusha mzee anayevuka njia. Mzazi anaweza kujikuta akidaiwa.

Hapa ndipo sehemu F hufaa. Hulipa fidia ambayo sheria itamtaka mkazi ailipe kwa kumdhuru mtu mwingine au kuharibu mali yake, hadi kiwango kilichoandikwa. Mzazi aulize mambo mawili: je, watoto wa nyumba hii wamo, na je, inafanya kazi hata nje ya boma? Jibu la maswali hayo laweza kuwa na thamani kubwa kuliko baiskeli yenyewe.

Mtoto mwenyewe akivunjika mkono, bima ya nyumba haimo. Hiyo ni kazi ya bima ya matibabu.

Kabla ya kulipa

Kutokana na haya yote, maswali ya kumuuliza wakala yanatosha kuandikwa kwenye ujumbe mmoja wa simu: Je, baiskeli imetajwa kwa jina, nambari na thamani? Iko sehemu B au C? Inalindwa ikiwa kwenye maegesho ya jengo letu? Inalindwa shuleni na barabarani? Kufuli ya aina gani inatakiwa? Mtalipa bei ya mpya au ya sasa? Mimi nitajibebea kiasi gani? Mashindano yamo?

Uzuri wa ujumbe ni kwamba majibu hubaki. Neno la mdomo la wakala haliwezi kupelekwa mbele ya meneja wa madai. Hata hivyo, kinachofunga ni hati. Ikiwa jibu na hati havipatani, hati irekebishwe kabla ya pesa kutoka.

Fomu ya maombi ijazwe kwa ukweli. Ikiuliza kama mtu amewahi kuibiwa, aseme. Ikiuliza baiskeli hulala wapi, asiandike "ndani" kwa kuwa ndiyo jibu la bei nafuu. Bima husimama juu ya ukweli wa mteja, na uongo mdogo kwenye fomu huweza kubatilisha hati nzima, pamoja na makochi.

Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Kwa hiyo ahadi ya "nitakulipia kwanza, utanirudishia mwisho wa mwezi" ina hatari zake. Pesa ziende kwenye akaunti ya kampuni, na risiti itoke kwa kampuni. Mamlaka ya Kudhibiti Bima nchini, IRA, huchapisha orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni, na pia hupokea malalamiko ya wateja.

Ikishaibwa

Saa za kwanza ndizo huamua mengi. Mabaki ya kufuli yasitupwe. Mahali papigwe picha kabla ya kufagiliwa. Msimamizi wa jengo aombwe picha za kamera upesi, kwani mitambo mingi hufuta za zamani ili kurekodi mpya. Kisha kituo cha polisi, wizi uandikwe na nambari ya OB itolewe, na baadaye abstrakti ya polisi. Kampuni iarifiwe siku hiyohiyo kwa maandishi. Hati hutaja muda, na muda huo ni mfupi.

Mzazi asinunue nyingine kabla ya kampuni kujibu, wala asiongeze bei ya iliyopotea ili "kufidia usumbufu". Dai lililotiwa chumvi hukataliwa lote.

Na kabla ya yote hayo, watu wa nyumbani. Ile familia ya ghorofani ilipotazama picha za kamera Jumatatu jioni, iliwaona vijana wawili wageni wakiingia saa tisa usiku nyuma ya gari la mpangaji mwingine, na mmoja ana mkasi wa chuma. Bawabu alikuwa akifunga lango kwa upande wa pili. Yaya alikuwa amelala.

Kampuni haikuwalipa, na mkopo wa sacco una miezi kumi iliyobaki. Baba aliketi na kijana wake akamwambia wazi kwamba kosa la kuiacha maegeshoni lilikuwa lake yeye baba. Mama alikwenda jikoni, akaivuta stuli.

"Dada, nilikukosea Jumamosi," alisema. "Nisamehe."

Yaya aliendelea kumenya viazi kwa muda. Kisha akasema, "Ni sawa, Mama." Lakini tangu siku hiyo mkoba wake hauachi tena sebuleni.